Ngazi Tisini na Mbili za Mama Pumzi

Leo Ijumaa, tarehe 30 Juni, saa kumi kamili jioni, mwongoza wageni mkuu wa Jumba la Muziki wa Mlimani anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili na miezi minne ya kazi. Katika jalada lake la ofisini ana jina refu la heshima. Hapa kazini jina hilo halijatumika tangu mwaka wake wa kwanza. Sisi sote tunamwita Mama Pumzi, na wageni waliofika hapa mara moja tu, miaka ishirini iliyopita, bado wanaandika barua kumwulizia kwa jina hilo hilo.

Kamati ya maandalizi iliomba ukurasa mmoja wenye maneno matamu. Maneno matamu yapo, ila ukurasa mmoja hautoshi, na yapo mengine ambayo hayana utamu wowote. Wajumbe wa bodi walioketi safu ya mbele tunawaomba wavumilie. Kijitabu hiki kimeshatoka mtamboni na nakala zimeshagawiwa mpaka kwa wapishi.

Kwa mgeni aliyekuja leo kwa ajili ya keki, maelezo mafupi. Jumba hili lilikuwa ghala la nafaka, limejengwa kwa mawe kwenye mteremko. Vyumba vya chini ni makumbusho: mazeze, filimbi, pembe na njuga ndani ya makabati ya vioo, na picha za zamani ukutani. Juu kabisa, chini ya paa, ndipo penye ukumbi wa muziki, viti mia moja na ishirini na sakafu ya mbao inayojibu ukiikanyaga. Kati ya makumbusho na ukumbi kuna ngazi tisini na mbili za mawe, zinazopinda mara nne. Muziki unaotunzwa hapa ni wa wachukuzi, watu waliovusha viazi na chumvi mlimani kwa migongo yao kabla barabara haijachimbwa. Waliimba wakipanda. Nani alitunga wimbo upi hakuna anayejua, na wao hawakuona sababu ya kuuliza.

Mama Pumzi aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na minane, kazi ya kukata tiketi. Dirisha lake lilitazamana na ukuta wa picha. Picha kubwa kuliko zote inaonyesha wanawake kumi na mmoja wamepanga mstari, kila mmoja na kapu mgongoni. Wa tatu kutoka kushoto ni shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne, na aliyebeba chumvi kwa miaka kumi na tisa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba picha hiyo ipo. Aliikuta siku ya kwanza ya kazi, saa mbili na robo asubuhi, akiwa na fungu la tiketi mkononi.

Chini ya picha palikuwa na kibao cha maelezo. Tukinukuu neno kwa neno, kiliandikwa hivi: "Kusita kwa waimbaji katikati ya mistari kunatokana na kusahau maneno, jambo la kawaida kwa watu wasiojua kusoma." Maelezo hayo yalitoka katika kitabu cha mtaalamu wa muziki aliyewarekodi wachukuzi wazee wakiwa wameketi vitini, ofisini, mbele ya glasi za maji. Waliketi, wakaimba, na kila walipofika pale ambapo mguu ulizoea kutafuta jiwe la kukanyaga, wakanyamaza. Mtaalamu aliandika: wamesahau. Wasomi wanaruhusiwa kukosea. Lakini kumkalisha mchukuzi kwenye kiti, kumnyang'anya mlima na mzigo, halafu kumpa maksi za kumbukumbu, hilo ni kosa linalohitaji shahada kulifanya.

Alikwenda kwa mkurugenzi wa wakati ule akaomba kibao kiondolewe. Aliambiwa kwamba kimeandikwa na mtu aliyesoma na kwamba kazi yake yeye ni tiketi. Akashukuru, akatoka, akapigilia msumari juu ya kibao, akatundika koti lake. Likakaa hapo miaka kumi na mmoja. Wakaguzi walikuja wakaliona, wakadhani ni sehemu ya maonyesho. Mmoja aliandika kwenye ripoti yake kwamba vazi la mchukuzi limehifadhiwa vizuri.

Lakini koti lilificha kibao tu. Swali lenyewe lilibaki. Kila siku wageni walipanda ngazi taratibu wakipiga soga, wakakaa ukumbini, wakasikiliza, wakashuka na swali lile lile dirishani kwake: "Mbona wanasimama-simama? Wamesahau?" Mwezi wa saba wa ajira yake alikuja na makapu sita yenye mikanda. Mikanda ilishonwa na mumewe, fundi cherehani, ambaye kwa miaka yote hii ameshona, amebadilisha na amekarabati mikanda ya makapu zaidi ya mia tatu na hajawahi hata siku moja kupanda ngazi zetu. Akiulizwa husema, "Mlima nimeshaoa mmoja, unanitosha."

Ndani ya makapu aliweka mawe, akayapima kwenye mizani ya zamani ya ghala. Kilo kumi kwa kijana mwenye afya. Kilo tano kwa mtu wa makamo. Kilo mbili kwa waandishi wa habari, kwa kuwa hawajazoea. Wajawazito, wagonjwa na wenye umri mkubwa hawakuguswa, na mwenye shaka alipimwa kwa macho ya Mama Pumzi, macho ambayo daktari wa kliniki ya jirani alikiri hayajawahi kukosea. Waimbaji wetu, ambao leo ni wanane, wote wamewahi kubeba au wamelelewa na waliobeba, aliwaomba wasisubiri tena ukumbini. Washuke wawapokee wageni chini, na wimbo uanze ngazi ya kwanza.

Tangu hapo hakuna mgeni aliyeuliza kama wamesahau. Ukifika ngazi ya ishirini na kapu mgongoni, unajua. Mstari mmoja, hatua nne, kimya, pumzi, mstari mwingine. Kimya kinaangukia palepale mapafu yanapokidai. Kwenye kila kona ya ngazi yeye aligeuka akawaambia watu, "Pumzi, jamani. Msiione haya, ipo ndani ya wimbo." Jina lake lilitoka hapo, na kazi yake ya kuongoza wageni pia.

Visa ni vingi, tuchague vichache. Alikuja mheshimiwa mmoja na msafara wake. Alipoonyeshwa kapu alitabasamu, akamwonyesha mlinzi wake kwa kidole. Mama Pumzi akamwambia, bila kupandisha sauti, "Hakuna tabu, baba. Ila akibeba yeye, wimbo atausikia yeye." Mheshimiwa alivua koti. Alipofika juu shati limelowa, aliomba maji, akaomba na wimbo urudiwe.

Alikuja pia bwana mmoja mwenye daftari na kofia, asubuhi ya siku yenye wageni wengi. Akavishwa kapu la kilo kumi kabla hajamaliza salamu. Akapanda. Akasikiliza nyimbo tatu, akapiga makofi, akashuka, ndipo akapata nafasi ya kusema kwamba amekuja kusoma mita ya umeme. Mama Pumzi alicheka mpaka akakaa chini, akamwomba radhi mara tano. Jumamosi iliyofuata bwana yule alirudi na mama mkwe wake. Mama mkwe alidai kilo kumi, akakataliwa, akanuna mpaka kona ya pili.

Wapo waliosema, na wapo wanaosema mpaka leo katika vikao, kwamba mama huyu anachukia maendeleo na kwamba alipinga lifti. Huo ni uongo na tuuite hivyo. Lifti iliwekwa mwaka wake wa kumi na tisa kazini. Barua zake za kuiomba zipo kwenye jalada tangu mwaka wa tano. Aliiomba kwa ajili ya watu wasioweza kupanda, na ilipokuja aliwapandisha kwayo yeye mwenyewe. Wiki ile ile ilipofunguliwa alifika mtu mwenye kiti cha magurudumu, kajaa jasho. Mama Pumzi akashika kapu dogo akiwaza namna ya kumshirikisha. Mtu yule akamwambia, "Mama, mimi nimejisukuma kutoka stendi mpaka hapa. Kilima chote hicho." Mama Pumzi akalirudisha kapu kwenye rundo. "Basi wewe umeshapanda kabla yetu. Pita mbele, waimbaji wanakusubiri." Anayetaka kumwita mtu wa namna hii adui wa maendeleo aje na ushahidi, na aje kwa miguu.

Mwaka wa kumi na moja alikuja mtaalamu mwenyewe, mwandishi wa kile kitabu, mzee sasa lakini bado imara. Sisi tuliokuwepo tulijificha nyuma ya kabati la pembe tuone vita. Hakukuwa na vita. Mama Pumzi alimsalimia kwa adabu, akampa kilo tano, akamfunga mikanda mwenyewe. Mpaka ngazi ya thelathini mtaalamu alikuwa akieleza. Ngazi ya arobaini akaacha kueleza. Kwenye ya sitini alikuwa akiimba na wengine, maana hakuwa na namna nyingine ya kupanga pumzi zake, na alinyamaza pale pale ambapo wachukuzi wake wazee walinyamaza mbele ya glasi zao za maji. Alipofika juu alilitua kapu. Aliketi, akatazama sakafu. Wiki sita baadaye ikaja barua yake ya mistari mitatu: alikosea, anaomba kibao kiondolewe, na anaomba aambiwe wale wazee walizikwa wapi.

Tumpe mtaalamu haki yake. Kukubali kosa la kitabu kizima kwa mistari mitatu kunahitaji moyo, na watu wenye vyeo vidogo kuliko chake wameshindwa. Kibao kipya kiliandikwa na Mama Pumzi na kina maneno manane: "Wanasimama hapa kwa sababu mzigo ni mzito. Sikiliza." Koti lilikwenda nyumbani.

Mtu angedhani baada ya hapo jambo limekwisha. Tulidhani hivyo pia, na tulikuwa wajinga.

Mwaka huu, Januari, bodi iliamua nyimbo zirekodiwe upya kwa mitambo ya kisasa. Uamuzi ulikuwa mzuri na tuliupigia makofi. Waimbaji walirekodiwa wakipanda, kama inavyotakiwa, na fundi sauti wetu akakaa wiki tatu akisafisha. Alifanya alivyofundishwa chuoni. Aliondoa vishindo vya miguu. Aliondoa mihemo. Palipokuwa na kimya akaunganisha, mstari ukafuatana na mstari. Wimbo mkubwa wa kupandia, ambao huchukua dakika tano na sekunde arobaini, ukatoka na dakika tatu na sekunde kumi. Mwenyekiti wa bodi aliusikiliza kwa hedifoni akasema kwamba sasa ndiyo umekuwa muziki.

Mama Pumzi aliitwa kwenye chumba cha mikutano asikie. Alivaa hedifoni, akafumba macho, akakaa hivyo dakika zote tatu na sekunde kumi. Akazivua. Akamgeukia fundi sauti, ambaye ni rika la binti yake.

"Mwanangu, huyu anayeimba hapa amebeba nini?"

"Habebi kitu, mama. Anaimba tu."

"Ehee. Basi umemtua. Shangazi yangu alitafuta mtu wa kumtua miaka kumi na tisa, kumbe alikuwa anakusubiri wewe na kompyuta yako!"

Chumba kizima kilicheka, fundi sauti akicheka kuliko wote kwa aibu. Mwenyekiti hakucheka. Kesho yake asubuhi fundi sauti alikuwa mlangoni kabla ya mlinzi, anaomba kapu la kilo kumi. Alipanda mara mbili. Kisha alirudi kwenye mashine zake na, katika mapumziko yake ya mchana, akaanza kurudisha pumzi moja moja mahali pake. Alizihesabu: mia moja na kumi na nane katika wimbo mmoja. Anasema kila moja ina mwenyewe, na sasa anaweza kumtambua mwimbaji kabla hajafungua kinywa.

Tarehe 14 Machi ikaja barua ya bodi. Wengi wenu mnaijua, lakini si vibaya ikachapwa mahali. Inasema kwamba Mama Pumzi akistaafu, nafasi yake itafutwa. Muziki wa ana kwa ana utakoma siku hiyo hiyo. Waimbaji wanane watashukuriwa. Wageni watapewa hedifoni chini, wasikilize rekodi, ile fupi, ile safi, kisha watoke. Ukumbi wa juu utakuwa wa mikutano ya watu wa nje. Sababu iliyotolewa ni moja: mgeni wa kisasa hana muda.

Tuijibu hapa, maana kikaoni hatukupewa nafasi. Mwaka jana wageni elfu kumi na moja na mia nne walipanda ngazi hizi na makapu. Waliolalamika kwa maandishi ni kumi na sita. Kati ya hao kumi na sita, tisa walirudi tena, na mmoja alirudi ili alalamike kwamba kapu lake safari ya pili lilikuwa jepesi. Huyo mgeni asiye na muda yuko wapi? Hatujamwona mlangoni. Tunashuku anaishi kwenye chumba cha mikutano, na kwamba ametungwa na watu ambao hawajapanda ngazi hizi tangu walipoteuliwa.

Na hata kama yupo, hana anachotudai. Wachukuzi wale walidharauliwa wakiwa hai, waliambiwa hawana akili za kukumbuka maneno ya nyimbo zao wenyewe. Ilichukua miaka kumi na mmoja kuuondoa uongo ule ukutani. Rekodi isiyo na pumzi inaurudisha kwa mlango wa nyuma, safari hii bila hata kibao ambacho mtu angeweza kukitundikia koti. Mtu anayetaka wimbo usio na mchukuzi ndani yake, redio zipo madukani. Hapa ni jumba la muziki wa mlimani, na mlima unapandwa.

Mwenyekiti, kwa ukarimu, alimkumbusha Mama Pumzi kwamba ana siku tisini za likizo ambazo hajazitumia na kwamba anastahili kupumzika tangu siku hiyo. Jibu lake liko kwenye jalada. Linasema: "Nashukuru. Sitachukua."

Alikuwa na sababu. Kanuni ya kumi na saba ya jumba hili, iliyoandikwa zamani mwaka ule ambao mafua yaliwalaza waongozaji wote kwa wiki mbili, inasema kwamba mfanyakazi yeyote mwenye cheti kilichotiwa saini na mwongoza wageni mkuu anaweza kuongoza ziara. Haisemi ni mfanyakazi wa idara gani. Haisemi cheti kinaisha muda lini. Hakuna aliyeikumbuka kanuni hiyo isipokuwa yeye, aliyekuwa ameugua mafua hayo.

Basi kuanzia tarehe 17 Machi, kila asubuhi saa moja na nusu, kabla mlango haujafunguliwa, alianza kutufundisha. Alianza na mfagiaji wa ngazi. Siku ya kwanza tu akagundua kwamba mama huyu, aliyezifagia ngazi kwa miaka kumi na mitano wimbo ukimpita masikioni, anazijua nyimbo zote na pumzi zake zote, na ufagio wake umekuwa ukienda kwa mwendo ule ule. Akampa cheti wiki ile ile. Aliyemtesa ni mkata tiketi wa sasa, anayeongea haraka na kuimba haraka. Alifeli mtihani mara tatu. "Dada, mbona unakimbia, unafukuzwa na nani?" aliulizwa. Alijibu kwamba anaona haya kunyamaza mbele ya watu. Mama Pumzi akamwongezea mawe mawili. Alifaulu mara ya nne, na siku hiyo alilia.

Mlinzi alifaulu. Mtunza stoo alifaulu. Watu wawili wa maktaba walifaulu, mmoja kwa huruma. Fundi sauti alifaulu kwa alama za juu kabisa. Mkurugenzi wetu wa sasa, ambaye kwa cheo chake hawezi kupingana na bodi na hatutaki kumtia matatani, alifika asubuhi moja akasema amekuja kukagua hali ya ngazi. Alizikagua zote tisini na mbili akiwa na kapu mgongoni. Alirudi kuzikagua siku ishirini na mbili mfululizo. Ripoti yake ya ukaguzi hatujaiona, ila cheti chake tumekiona.

Jumatatu iliyopita Mama Pumzi alitia saini cheti cha kumi na nne. Bodi ilitaka kumwondoa mwongozaji mmoja. Sasa inao kumi na wanne.

Jumanne ikaja karatasi. Kila mwenye cheti anatakiwa kutia saini kukubali kwamba cheti chake hakina nguvu yoyote, na asiyetia saini mpaka mwisho wa wiki atachukuliwa hatua za kinidhamu. Imebandikwa kwenye chumba cha chai, na mistari kumi na minne ya nukta nukta. Hatufanyi mzaha na jambo hili. Wenye vyeti wana kodi za nyumba na watoto shuleni. Mlinzi amebakiza miaka miwili astaafu, na mkata tiketi ameajiriwa juzi juzi tu, bado yuko kwenye majaribio. Wanajua wanachoweza kupoteza. Mpaka kijitabu hiki kinakwenda mtamboni mistari yote kumi na minne ilikuwa mitupu. Mlinzi alipoulizwa na ofisa aliyetumwa na bodi alisema, "Mimi, mzee, kalamu yangu imeisha wino tangu Jumanne." Akaazimwa kalamu. Akaitazama, akaishukuru, akaiweka mfukoni.

Lipo jambo moja ambalo Mama Pumzi hakutaka liandikwe, naye atatusamehe. Goti lake la kulia limekwisha. Limekuwa hivyo kwa miaka miwili. Mbele ya wageni alipanda nao bila kukunja uso. Wakishaondoka alishuka kinyumenyume, ameshika ukuta, ngazi moja baada ya nyingine, na yeyote aliyempa mkono alirudishiwa mkono wake. Binti yake, ambaye ni muuguzi na amerithi ulimi wa mama yake, alikuja hapa mwezi wa tano akasema mbele yetu sote, "Mama, ukipanda hizo ngazi baada ya tarehe 30, mimi nitakuja kukuteremsha kwa machela, na nitaimba." Kwa hiyo kesho hatakuwepo. Wanaonong'ona kwamba atarudi kwa mlango wa nyuma wapumzike, hatarudi. Ametuambia pia tusimpigie simu kuuliza mambo ya kazi. "Nikipokea ya kwanza mtanipigia mpaka kaburini. Mnajua. Pandeni."

Kwa hiyo alichokuwa akipigania hakikuwa kazi yake mwenyewe. Alijua inakwisha, na mwili wake ulijua kabla ya bodi. Alichogomea ni kuondoka na wimbo chini ya kwapa, kwamba akifunga yeye mlango basi wachukuzi warudi kuwa watu waliosahau maneno. Siku tisini alizostahili kuzilalia alizitumia kuhakikisha kwamba jumba hili halimhitaji. Tumesoma wasifu mwingi wa wastaafu katika kuta hizi, wote ukidai pengo haliwezi kuzibika. Huyu ameliziba mwenyewe kabla ya kutoka, kwa watu kumi na wanne, na ndiyo maana wakubwa wamekasirika.

Mama Pumzi, asante. Asante kwa kila kona uliposimama nasi kusubiri wa mwisho afike. Msalimie mumeo, umwambie mikanda ipo ya kutosha mpaka mwakani. Tunakuombea siku ndefu na njema, nyumba isiyo na ngazi, kiti kilicho karibu na mlango, na binti asiyekugombeza zaidi ya mara mbili kwa siku.

Kesho Jumamosi saa nne asubuhi mlango utafunguliwa kama kawaida. Waimbaji wote wanane wamesema watakuwa chini, ngazi ya kwanza. Ziara ya kwanza itaongozwa na mfagiaji wa ngazi, ya pili na mkata tiketi. Wajumbe wa bodi wanakaribishwa wote, bila tiketi. Kilo tano kila mmoja, na tumeshazipima.